Moto Usiopanda Wala Kushuka

Bwana niliyempikia kule mtaa wa Karen miaka ya hamsini alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ulikaa gereji. Alitaka kutoa kwenye makaa, bila injini, stima ya kuwasha taa. Gesi ya makaa ipite upande mmoja wa sahani ya udongo iliyoshiba chumvi, hewa ipite upande wa pili, chumvi iyeyuke kwa joto kali, stima itoke. Nilimwitikia ndiyo bwana, kama unavyomwitikia mgonjwa.

Taabu ilikuwa sahani. Joto likipanda ghafla inapasuka, likishuka inapasuka. Kuipasha kwa stima alikataa, eti ni aibu kutumia stima kutafuta stima. Basi kwa kiherehere changu nikamwonyesha ninavyochunga moto wa keki: makaa madogo, majivu juu, kupepea kidogo kidogo. Sahani ikamaliza siku nzima. Bwana akanisifu mbele ya wageni, nami nikazidi kuuchunga ule moto. Kumbe najipalia makaa.

Maana harusi yangu ilikuwa imeshatangazwa kanisani kwetu magharibi, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilipoomba ruhusa, bwana aliniangalia kama niliyeomba gereji yenyewe.

"Wewe nakwenda, nani nachunga moto? Ngoja taa nawaka kwanza."

Taa yenyewe ilikuwa ya tochi, imeungwa kwa waya kwenye sahani, na kwa miezi haikuwahi hata kukonyeza. Nililia jikoni, sioni haya kusema. Mchumba wangu angesimama kanisani peke yake kwa ajili ya chumvi.

Memsahib, mke wa bwana, alinikuta, nikamweleza.

"Fundisha mimi," akasema.

Siku tatu alichuchumaa na gauni lake la maua, nami namkaripia kwa adabu: "Pole pole, memsahib, haya si maji ya kuoga." Siku ya nne nilimwachia moto, nikaenda kumenya viazi. Havijaisha, nikasikia bwana anapiga kelele. Nikakimbia. Taa ilikuwa inawaka, hafifu na nyekundu, na memsahib ana majivu hadi kwenye nyusi.

"Sasa wewe nakwenda," bwana akasema bila kugeuka. "Kaa hata mwezi."

Nikapanda gari la moshi, nikawahi. Mke wangu mpaka leo huuliza kwa nini niliingia kanisani nimenuna. Nitamwambia nini? Kwamba ruhusa nilipewa yote, na hakuna aliyeniuliza nitarudi lini?