Kiti cha Ngoma

Mtangazaji alipofika kwenye albamu iliyoshika nafasi ya kwanza, Mama Pacha alijua itakuwa ipi kabla haijatajwa. Akakanyaga cherehani kwa hasira, mshono ukatoka nje ya kola. Karakana nzima ya sare za shule ilikuwa inasikiliza redio, kipindi cha kukumbuka muziki wa roki wa mwaka uliopita, wa zile bendi ndogo zinazojirekodia zenyewe. Ikatajwa albamu ya mdogo wake wa tumbo moja. Mafundi wakampigia makofi yeye, utadhani ndiye aliyeimba.

"Na wewe ipi ilikukosha mwaka jana?" mkata vitambaa akamuuliza.

Akataja ile ya kaka wawili waliorekodi jikoni mpaka birika linasikika likichemka, na ile ya mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya mafua. Alizipenda kweli.

"Na ya mdogo wako?"

"Sijapata nafasi ya kuisikiliza."

Tuseme tu ukweli, Mama Pacha alikuwa na kijiba cha roho. Bendi ile waliianzisha wawili, yeye kwenye ngoma, mdogo wake kwenye gitaa na sauti. Mimba ya mapacha ilipomwelemea, alimfundisha mwenyewe binti mmoja mwembamba, wakimwita Njiti, amshikie kiti kwa muda. Sasa mapacha wako shule na Njiti bado kakalia kiti. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumwambia kwamba bila yeye bendi imepwaya.

Jumamosi mdogo wake akaja. Njiti ameteleza bafuni, kavunjika mkono, na onyesho ni kesho. Mama Pacha akatoa pole ndefu, huku moyoni akipiga vigelegele. Alijionea aibu, lakini vigelegele havikukoma.

"Nyimbo zenu mpya sizijui," akaringa.

"Nitakuelekeza, dada."

Wakaenda kwenye gereji wanakofanyia mazoezi. Mdogo wake akamweleza wimbo ule mkubwa kwa kifupi: piga moja kwa moja, nyamaza kabla ya kiitikio cha mwisho, kisha tuingie pamoja. Wakaanza. Mikono ya Mama Pacha ikaenda yenyewe. Baada ya kile kimya gitaa likaingia, yeye akachelewa kidogo, ndipo akashusha toazi.

Mdogo wake akaacha kupiga.

"Hapo nani kakuambia uchelewe?"

"Wapi?"

"Njiti alipitiwa siku ya kurekodi, tukaliacha kosa lake. Mimi sijakutajia."

Mama Pacha akaziweka chini fimbo za ngoma.

"Naisikiliza kila siku," akasema. "Nikifua, nikipiga pasi. Natafuta alipoharibu. Nimepata hapo tu."

Mdogo wake hakucheka. Bora angecheka.

"Watu wanapapenda hapo kuliko pote, dada. Wanapasubiri. Kesho usiingie mapema."

Mwaka mzima kosa lile ndilo lililokuwa likimpoza roho, na sasa anaombwa alipige vizuri. Angeweza kuondoka. Lakini alikitaka kiti kile kuliko alivyoitaka heshima yake, akashika fimbo tena.

Wakarudia. Kile kimya kikafika, gitaa likaingia, naye akachelewa kama alivyochelewa Njiti. Mdogo wake, macho kayafumba, akatabasamu katikati ya wimbo. Mama Pacha aliliona tabasamu lile, na akajua si yeye anayetabasamiwa.