Refuse: Neno Lililomwachisha Mama Kazi

Mama alikuwa mfagizi wa jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, upande wa Geita. Kila jioni alirudi na ndoo ya maganda ya viazi na ukoko wa wali, vitu vya kutupwa, akawapa nguruwe wetu wawili. Msimamizi wake alimwona akibeba na hakuwahi kusema neno.

Siku moja Mama alileta nyumbani karatasi ya kusaini, Kiingereza kitupu. Mama hata Kiswahili alijifunzia ukubwani. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kwa Kiingereza darasa zima nililiongoza mimi. Nikasoma: wafanyakazi hawaruhusiwi, halafu hili na lile, halafu refuse. Hilo nililijua. Mwalimu alitufundisha rifyuzi, maana yake kukataa. Maneno mengine hayakukaa sawa, lakini niliona aibu kusema sijui.

"Wanasema hamruhusiwi kukataa kazi mnayopangiwa."

"Kwani nani amekataa?" Mama akacheka, akasaini.

Wiki haikuisha, walinzi wakamshika getini na ndoo yake. Barua ya kumwachisha kazi ilisema wizi. Nikavaa sare za shule, nikaenda naye kwa afisa utumishi. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mtoto wake wa kuzaa, lakini shikamoo hakutoa.

"Mama, ulisaini kwamba hutachukua refyusi."

"Rifyuzi," nikamsahihisha.

Akanitazama, akacheka. "Rifyuzi ni kukataa. Refyusi ni taka. Huko shuleni mnafundishwa nini?"

"Na yanaandikwaje?"

"Herufi zile zile."

"Sasa kwa nini hamkuandika taka? Anayezizoa si ni huyu?"

"Lugha ya ofisi ni Kiingereza."

Nikamwambia kwamba mmemfukuza mtu mzima kwa maganda ya viazi, na kwa neno ambalo nyie wenyewe mnalitamka kwa namna mbili. Mama akanishika kiwiko, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Kuomba radhi kule kuliniuma kuliko barua.

Hawakumrudisha. Tuliuza nguruwe, naye akaenda Mwakitolyo kuponda mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo, nyundo mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Hakunilaumu hata siku moja. Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza: "Ulisoma ulichofundishwa." Heri angenitukana.

Sasa nafundisha Kiingereza sekondari, Shinyanga. Majirani huniletea karatasi zao: za viwanja, za mikopo, za kazi. Mwezi uliopita jirani yangu, mama mjane, alipewa mkataba wa Kiingereza kurasa sita. Niliweza kuusoma wote. Sikuusoma. Tulirudi naye kwenye ofisi iliyompa, nikauweka mezani, nikawaambia waandike kwa lugha wanayopatania bei sokoni. Wakasema nina kiburi. Nikawajibu ndiyo, ninacho.

Hawajaandika bado, na yeye hajasaini.