Mashua ya Fundi Milango

Mashua ilijaza ua mzima. Nguo zilianikwa juu yake, na kuku wa jirani walitaga chini ya mkuku, ule mti mnene unaoshika chombo kama uti wa mgongo. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani, na kila asubuhi nililazimika kuinama chini ya ncha yake ili nifike bafuni. Wenye nyumba niliowahi kukaa kwao walifuga mbwa, njiwa, wengine hasira. Huyu alifuga mashua.

Alikuwa fundi wa milango na, kama jirani yake fundi magari alivyopenda kumtania, mgane mwenye mke hai. Mkewe alikuwa amevuka ziwa kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Walipoagana gatini, mume aliahidi kwamba mtoto akianza kutembea atakwenda kumchukua mkewe kwa chombo chake mwenyewe. Mtoto akatembea, akakimbia, akaanza kuwajibu wakubwa, na babu bado alikuwa anaranda mbao.

Kila Jumapili mkewe alipiga simu. Fundi alisimama kwenye dirisha la jikoni, ambako mtandao ulishika, akasikiliza habari za mjukuu, kisha likaja swali la mashua, naye akajibu, "Imebaki kidogo." Simu ikishakatika aliendelea kuishika sikioni, kana kwamba kulikuwa na masalio ya kusikiliza.

Mtaa ulimwita Nahodha. Fundi magari akimwona anafagia maranda, humwuliza kama maji yametulia leo. Nahodha humjibu kwamba safari ikiiva atamchukua na yeye, maana chombo bado hakijapata nanga.

Mwanzoni alivunja mbao nyingi kwa kuzilazimisha kupinda zikiwa kavu. Akajifunza kuzilainisha kwa matambara ya maji moto, hadi sufuria kubwa ya mkewe ikaungua kitako. Akaificha nyuma ya gunia la mkaa, kana kwamba kulikuwa na mtu mle ndani wa kuiona. Misumari ya milango ikaota kutu kabla ya kuonja ziwa. Akaing'oa mmoja mmoja, akapigilia ya shaba.

Kosa lenyewe hakuliona, kwa sababu ndilo lililokuwa fahari yake. Maisha yake yote alijisifu kwamba mlango wake ukifungwa, hata wembe haupiti. Mashua akaiunga vivyo hivyo. Waunda mashua wa ufukweni walimweleza kwamba kati ya ubao na ubao huachwa mwanya mdogo, ukajazwa pamba yenye mafuta, kazi wanayoiita kukalafati. Ubao ukinywa maji hutanuka, na mwanya huo ndio mahali pake pa kutanukia. Alirudi nyumbani akicheka peke yake. Watu wanaacha nyufa, aliniambia, halafu wanaziba kwa pamba kama sikio linalouma, na bado wanajiita mafundi.

Siku ya kuishusha, fundi magari alileta lori na kamba. Mashua ikakaa juu ya maji, na halikuingia hata tone. Nahodha aliketi ndani yake, mikono mapajani, akiitazama sakafu kavu. Alasiri hiyo ni yeye aliyempigia mkewe, akamwambia afunge mizigo; Jumapili angefika.

Mbao zikaanza kunywa. Kila alipokwenda kuitazama alikuta ubavu umevimba kama shavu lenye jino bovu. Ijumaa nilimsindikiza. Tulikuwa bado mchangani tuliposikia mlio mkavu, kisha mwingine. Mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao, yalikuwa yanakatika. Mbao zilitafuta nafasi, na hakuwa ameziachia. Tuliivuta ufukweni ikiwa imelala upande.

Akapiga simu magoti yakiwa bado yanachuruzika.

"Mama watoto, usifunge mizigo."

"Imebaki kidogo?" Sauti ya mkewe niliisikia wazi, simu ile ilipiga kelele kama redio.

"Imevunjika. Niliibana mno."

Mkewe akauliza kama ameumia. Aliambiwa hajaumia. "Kama mlango wa chumbani," akasema. "Mvua zikianza, mimi naufungua kwa bega."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema kosa ni la mvua."

Fundi aliinama akakamua maji kwenye upindo wa suruali.

"Baba watoto, muda wote huu unanipa habari za mashua. Hujaniambia hata siku moja nirudi."

"Nilisema nitakuja kukuchukua."

"Kivuko kipo kila siku."

Alitazama maji. "Rudi," akasema, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni mbele ya wenyewe.

Upande wa pili mtoto alikuwa anagonga sahani. Mkewe akasema amesikia, ila amechelewa kuambiwa. Binti amepata kazi ya zamu za usiku, na mtoto halali bila bibi yake. Mwakani ataanza shule. Hapo yeye, bibi, atapanda kivuko mwenyewe, mume asihangaike kumfuata na chombo.

Jumapili fundi alivuka kwa kivuko, akiwa na shati lisilo na kifungo cha juu. Alirudi Jumanne, shati limepigwa pasi, kifungo kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Fundi magari alimwuliza abiria yuko wapi. "Yuko kazini," akajibu, na utani ukaishia hapo.

Kesho yake lori liliirudisha mashua uani. Akaanza kuzibandua mbao ili azirande kingo upya, aache mianya. Sasa chombo kile hakikungojwa na mtu yeyote ng'ambo, na alilijua hilo kuliko mimi. Nilimwuliza kazi inakwendaje.

"Mkono unakataa kuacha mwanya," akasema.

Kisha akalivua lile shati, akalitundika ndani, mbali na vumbi, ndipo akashika randa.