Miwani ya Kioo cha Njano

Mimi nina chongo. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike mbele huko. Surua ilinila jicho la kushoto ningali nabebwa mgongoni, na tangu hapo upande ule sina giza wala mwanga, sina kitu kabisa. Rafiki zangu wa Kadutu, mtaa wetu hapo Bukavu, walinitania kwamba penye vipofu ningekuwa mfalme. Niliwajibu kwamba Kadutu hakuna vipofu, kuna walevi tu, na walevi hawatawaliki.

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilipata kazi ya kupeleka dawa za chanjo kutoka Bukavu hadi zahanati za barabara ya Kavumu. Dawa zilikaa ndani ya chupa yenye barafu, chupa ikafungwa nyuma ya pikipiki, nami nilipaswa kufika kabla barafu haijayeyuka. Kwa hiyo nilikwenda mbio. Wakati wa kiangazi barabara ile ilikuwa vumbi tupu, na wakati wa mvua ilikuwa kokoto zilizorushwa na malori. Haukupita muda, jiwe dogo likanigonga chini kidogo ya jicho zima. Munganga wa hospitali, mzungu asiyependa maneno mengi, alinisafisha kidonda, akaniinua kidevu, akasema, "Jicho iko moja tu. Hii ikikufa, kazi imeisha, na jua pia imeisha." Nilikuwa nimeoa juzijuzi, na mke wangu sikuwa nimeshiba kumtazama.

Ndipo nikaanza kutafuta miwani.

Nilikwenda kwanza kwenye duka la mjini, ambako watu weusi tulihudumiwa kwenye dirisha la pembeni. Bibi mwenye duka alitoa miwani ya jua, vioo vyeusi, fremu nyembamba ya dhahabu. Niliponyosha mkono akairudisha nyuma. "Usiguse. Ukigusa, umenunua." Nikamuuliza nitajuaje kama inanienea. Akaivaa yeye mwenyewe, akageuza uso huku na huku, ili nione itakavyonipendeza mimi. Hata leo nikikumbuka nacheka, ingawa siku ile nilikuwa na hasira ya kutafuna dirisha.

Nilimwachia miwani yake, nikaazima ya rafiki mmoja, nyeusi vilevile, nikaenda nayo barabarani. Juani ilikuwa starehe. Lakini upepo uliingia kwa pembeni, machozi yakanitiririka mpaka masikioni, na nilipoingia chini ya mikaratusi, kwenye kivuli, ikawa kama nimefumba. Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya njia, nikamwona pembe zake zilipokuwa karibu na mikono yangu. Siku ile nilijifunza kwamba mwenye pikipiki hachagui miwani kwa kujitazama kwenye kioo. Anachagua kwa upepo, kwa kivuli, na kwa ukungu wa asubuhi.

Sokoni Kadutu, kwa muuza vitu vilivyotumika, ndipo nilipoiona ile yangu. Ilikuwa miwani mipana yenye mpira wa kuzunguka macho na mkanda wa ngozi wa kufunga nyuma ya kichwa. Vioo vyake vilikuwa vya njano. Niliivaa, nikainama, nikatikisa kichwa, nikapuliza pumzi ndani nione kama itashika ukungu. Haikushika. Nikatazama mlima kupitia vioo vile, na ukungu wa mlimani ukapungua, migomba ikatokea mmoja mmoja. Kioo cha kushoto kilikuwa na mkwaruzo, lakini upande ule ulinihusu nini?

"Ilikuwa ya muzungu moja, alirudia Ulaya," muuzaji akasema.

Mkanda ulikuwa umekatika zamani ukashonwa upya kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo iliyopishana, ya mkono wenye subira. Nilijiuliza ni mzungu gani anayeshona hivyo. Nikanunua.

Mke wangu aliponiona nimeivaa alikaa chini kwa kicheko. Alisema ameolewa na mtu, sasa analala na chura. Lakini jioni hiyo alinipangusa vumbi usoni, akaona kuzunguka macho ni safi, duara mbili safi, akafurahi. Jicho langu lilikuwa limepata nyumba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi ni Mkatoliki wa kawaida, si mtu wa kuona mizimu kila penye kichaka. Naeleza yaliyonipata.

Kabla ya kufika kijiji cha Miti palikuwa na kona kali, mikaratusi upande wa kulia, na kushoto korongo lenye majani marefu. Siku ya kwanza nilipopita pale na ile miwani, nilimwona mtu upande wa kushoto. Alikuwa chini kabisa korongoni, shati jeupe, mikono nyuma, ametulia kama anayengoja lori. Nilikuwa nimeshapita ndipo akili ikaniambia: kushoto? Wewe unaona kushoto?

Nilisimama nikageuka, nikatazama kwa jicho zima. Majani tu, na ukungu ukipanda taratibu.

Nilijiambia ni mkwaruzo wa kioo unaocheza na mwanga. Maneno mazuri, na yangenitosha kama safari iliyofuata asingekuwapo tena. Alikuwapo, na alikuwa amepanda. Hakuwa chini tena, alikuwa katikati ya mteremko. Safari nyingine alikuwa ukingoni, nikaona vifungo vya shati. Siku hiyo nilifanya jambo ambalo hata mwizi wa kuku hafanyi: kwenye kona kali, injini ikinguruma, nilifumba jicho langu zima. Dunia yote ilizimika, barabara, mikaratusi, mikono yangu mwenyewe. Alibaki yeye, amesimama peke yake mahali pasipo na kitu. Nilifumbua nikiwa nusu ya gurudumu kutoka korongoni.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Ningesemaje?

Na watu wa pale nao walikuwa na lao. Kwingine kote nikipita watoto walipiga kelele, wanawake walinitania. Kwenye kona ile wanawake walitua mizigo yao, wakasogea kando ya barabara, wakainamisha macho mpaka nipite. Hakuna aliyecheka. Mbwa mmoja mwekundu alitoka migombani na kukimbia sambamba nami, mkia ukipepea. Hakubweka hata mara moja. Siku niliposimama kufunga chupa iliyolegea, nilitundika miwani kwenye usukani. Mbwa hakunijali mimi. Alisimama kwa miguu ya nyuma akainusa miwani, kisha akalia kwa sauti nyembamba, akalala chini ya gurudumu.

Hofu iliniingia, sitaficha. Lakini kila nilipofikiria kuitupa, nilimkumbuka munganga na lile jua lake. Nikaendelea kuivaa.

Kisha ikaja asubuhi yenye ukungu mzito. Nilipokunja kona, mtu wa kushoto alikuwa ameweka mguu mmoja barabarani. Na mbele yangu, katikati ya njia, alisimama mwanamke mzee, mtu wa nyama na damu, nywele zimesimama bila kuchanwa, ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Nilikanyaga breki mpaka pikipiki ikalala ubavu.

Alinijia bila haraka.

"Kila siku uko unapita, hausimame," akasema. Sauti haikuwa ya kugomba. "Leo utakunywa. Nimekuwekea tangu siku ile."

Nilinyanyua miwani hadi kwenye paji la uso nimwone vizuri. Alinitazama usoni. Mikono yake ilishuka polepole, na pombe ya ndizi ikamwagika juu ya miguu yake.

"Haiko weye," akasema.

"Hapana, mama. Haiko miye."

Sikujua anamsema nani, lakini nilijibu hivyo.

Mzee mmoja alitoka migombani, kofia mkononi. Alikuwa ndugu yake yule mama. Alinisaidia kuinua pikipiki, akatazama kwanza ile miwani, kisha akatazama chini.

"Utusamehe, papa," akasema. "Ile malineti ya macho ilikuwa ya mutoto ya dada yangu huyu. Alikuwa anabeba barua za plantasyo, mashamba ya bazungu, na pikipiki kama yako. Akaangukaka hapa. Bakamuleta nyumbani na bintu yote, viatu, koti, hata saa. Malineti tu haikuonekana. Mutu aliitosha pale chini, akaiiba, mbele sisi hatujafika."

Mama alikuwa ameshashika mkanda. Kidole chake kilipita juu ya mishono ile midogo, mmoja mmoja. Hakuhitaji kusema ni nani aliyeishona.

"Na kilio haijaisha?" nikauliza, maana niliziona nywele zake hazijanyolewa.

"Kwetu kilio haifungwe kama kitu ya marehemu ingali inatembea," mzee akajibu. "Tulitafuta sana. Dada yangu anakatala kunyoa. Anasema mutoto angali njiani. Kisha tukaanza kukuona, malineti ile ile, mbio ile ile. Banamuke walisema ni yeye. Miye nilisema ni mutu. Lakini sikukuwa na nguvu ya kukusimamisha."

Nikamwuliza alianguka sehemu gani hasa. Alinyosha mkono kushoto, chini kabisa, kwenye majani marefu. Ni pale pale nilipomwona siku ya kwanza.

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijui niliyemkasirikia. Muuzaji, barabara, Mungu labda. Nilimweleza mama kwamba nina jicho moja. Nilimwambia maneno ya munganga. Nilimwambia nina mke. Nilisema kwa sauti ya juu, kama mtu anayeibiwa, na wao wawili walinisikiliza mpaka nikamaliza. Mama alinishika kidevu kama alivyonishika munganga, akanigeuza uso.

"Hii ya kushoto, haione kitu?"

Nilitaka kusema haioni. Lakini huo ungekuwa uongo. Alinitazama muda mrefu, na nadhani alijua.

"Iko wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini sana, ndugu yake asisikie.

"Amefika barabarani, mama."

Nilivua miwani nikampa.

Akaivaa. Ungefikiri ni kichekesho, bibi kizee mwenye nywele za matanga na miwani ya pikipiki usoni. Hakuna aliyecheka. Alitazama kwanza barabara iendayo Bukavu, urefu wake wote.

"Kumbe alikuwa anaona jua hata siku ya ukungu," akasema.

Kisha akageukia kushoto. Hakuelekezwa na mtu, na kona ile ni ndefu, lakini aligeukia pale pale, kwenye kijiwe ambacho mguu ule ulikuwa umekanyaga. Akasalimia kwa Kimashi, lugha ya kwao, salamu ya kawaida ya mtu anayerudi kutoka kazini. Akangoja kidogo, kama tunavyongoja jibu. Akanyosha mkono wake wa kushoto pembeni.

"Umechoka," akasema. "Twende nyumbani."

Waliondoka. Siwezi kuandika vingine. Alitembea polepole kuelekea migombani, mkono umenyoshwa, akipunguza hatua kama mtu anayeongoza aliyechoka, na penye mfereji alisimama ili mwenziwe avuke. Mbwa mwekundu alitangulia. Mzee alisimama kando ya njia, kichwa wazi, akifanya ishara ya msalaba. Mimi nilifumba jicho langu zima, nikatafuta kwa lile jingine. Hapakuwa na kitu.

Siku ile nilifika Kavumu barafu imekuwa maji. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu mwenye baiskeli mbovu, nimefinya jicho, kitambaa kimefungwa mpaka chini ya kope. Mke wangu aliuliza chura amekwenda wapi. Nilimweleza yote, na usiku huo tuliiacha taa ikiwaka.

Mwishowe nilinunua ile miwani nyeusi ya dirisha la pembeni, bila kuigusa kwanza. Nilishonea vipande vya ngozi pembeni kuzuia upepo, na penye kivuli nilipunguza mwendo. Jicho limenifikisha uzeeni, nalitumia kuandika haya.

Kila nilipofika kona ile niliinua miwani, vumbi liwepo lisiwepo, ili mama aone macho yangu na asidanganyike tena. Alikuwa akikaa mlangoni, kichwa kimenyolewa, mbwa miguuni. Aliniitikia kwa kichwa, nami nikapita. Watu wa Miti waliniambia kilio kilifungwa vizuri, watu wakala wakashiba, na miwani ikafukiwa kwenye kaburi la mwenyewe.

Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini sitadanganya, kwenye kona ile niliugeuza uso kushoto kila mara, miaka yote niliyofanya kazi ile, na zaidi ya mara moja nililia nikiendesha. Katika maisha yake yote jicho lile limeona mtu mmoja tu, na mtu huyo ameshakwenda kwao.