Kwenda Aru na Ndege ya Neema

Nianze na upumbavu wangu: nilivaa makoti matatu na kujaza mifuko samaki wa chumvi, nikidhani kwenye kiwanja cha ndege cha Bunia wanapima mizigo tu. Kumbe wanapima na mtu mwenyewe, amesimama juu ya mizani kama gunia la maharagi.

"Muzee, vua," mupimaji akasema. Nikavua, harufu ikajaza chumba.

Mimi si mtu wa safari. Toka nyumbani Mudzipela hadi soko kunanitosha. Lakini Neema, mutoto wa dada yangu, alikuwa kwenye jaribio la mwisho la kuhudumia abiria. Kampuni ya ndege ilitafuta ruhusa ya kuruka kwetu, na wakubwa wa jimbo letu la Ituri walikuwa wamesema: bila watoto wa hapa kutumika ndani ya ndege, hakuna ruhusa. Mukaguzi wa Kinshasa angepanda amuangalie. Neema akishindwa, nafasi ingeenda kwa mugeni. Dada akaniomba, "Yaya, kaka yangu, umusindikize hadi Aru, asiogope."

Asiogope yeye!

Juu ya kijiji cha Fataki niliona barabara chini, nyekundu, bila gari hata moja. Wanasema vita imeisha, amani imerudi. Ila kila mtu anangoja mwenzake aijaribu kwanza. Hapo ndege ikaingia mu wingu jeusi, ikaanguka kidogo, ikaanguka tena. Nikafungua mukanda, nikasimama, nikapiga kelele, "Shofere, simamisha, nashuka!"

Mama wawili wachuuzi wakasimama nyuma yangu. Mukaguzi akatufokea kwa Kifaransa, hakuna aliyesikia maana yake. Neema akaja akishikilia viti.

"Noko, ikala!"

"Neema, mimi ndiye noko yako, kaka ya mama yako..."

"Nyumbani, ndiyo. Hapa siye tunaruka, na mimi ndiye mukubwa. Ikala, funga mukanda!"

Nikaikala kitini. Wale mama akawaongelesha polepole kwa luga ya kwao, nao wakaikala, mmoja akimushika sketi hadi wingu likaisha.

Aru, chini ya ngazi, mukaguzi aliuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika: "Huyu mulevi ni nani?"

Nilitamani Neema anikane.

"Ni noko yangu."

"Na umemukaripia hivyo?"

"Angesimama tena, ningemufunga na kamba."

Mukaguzi akaniangalia, akaziba pua. "Huyu mutoto anabaki kazini," akasema.

Mwenyeji wangu, muuza sabuni pale mpakani, alinipa chai. Nikamuuliza kama naweza kurudi kwa barabara. "Barabara iko," akajibu. "Mwenye kupita ndiye hayuko."

Basi nikarudi na ile ile ndege, mukanda umefungwa kabla injini haijawaka, macho yamefungwa hadi Bunia. Nilijifunza hivi: woga hauishi hata ukiruka na mtu wa damu yako, lakini afazali ukaripiwe na mtu unayemusikia.

Jirani yangu Mama Sifa alisikiliza yote, mikono kiunoni, halafu akasema: "Mutoto wamupe ruhusa ya kuruka. Weye, wakunyime hata ya kupanda pikipiki."