Biti Iliyobaki Pajani

Mtaani walimwita Milimita, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa seremala wa milango na makabati, mtu wa kupiga magoti mbele ya kazi yake na kuinusa kama paka. Wateja walimnunia kwa kuchelewa, kisha wakarudi. Milango ya mafundi wengine ililia kila ikiguswa, ya kwake ilijifunga kimya kama mdomo wa mwenye siri.

Kilichomvunja ni kabati lake mwenyewe. Lilikuwa la mbao ngumu, milango mitatu, wakilipandisha ngazi kwa kamba nyumbani kwa mteja. Yeye alikuwa chini, na juu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kamba ikateleza, kabati likarudi chini likambana paja ukutani. Ukasikika mlio mkavu.

"Limevunjika!" shemeji akapiga kelele.

"Kabati ni zima," Milimita akajibu kwa meno yaliyokazana. "Ni mimi."

Hospitali wakasema mfupa wa paja umekatika, utafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Hapo hata akapata nafuu ya moyo, maana bamba na skrubu ni mambo anayoyajua. Hofu yake ilikuwa moja tu: je, atapiga magoti tena? Kazi ya mlango nusu yake iko chini. Seremala asiyeweza kushuka chini atauza nini, vumbi la mbao?

Wakamchoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni akafa ganzi, ila kichwa kikabaki macho. Wakamtundikia pazia la kijani kifuani asione. Masikio hawakuyaziba. Akasikia nyundo, akasikia chuma kikikwaruza kitu kigumu, kisha akasikia drili. Akainua shingo, na kwenye upindo wa pazia akaiona. Ilikuwa imevikwa mfuko wa kitambaa safi mpaka shingoni, kama mtoto aliyepelekwa kutahiriwa. Lakini mlio hauvikwi nguo. Ilikuwa drili ya mbao, ndugu tumbo moja na ile iliyolala kwenye benchi lake.

"Nesi, hiyo drili mmeitoa duka la misumari?"

"Tulia, baba."

"Nauliza tu. Na biti yenu, hiyo ncha ya kutobolea, ni butu. Haikati hiyo, inasugua."

Ng'ambo ya pazia daktari akacheka kidogo. "Ukitaka njoo ushike wewe, fundi."

Hajamaliza kucheka, ikasikika: tik. Drili ikazunguka bure, ikazimwa. Wakanong'onezana. Kibano kikaingia, kikatafuta, kikatoka mikono mitupu. "Iacheni," daktari akasema, na wakaendelea na skrubu nyingine.

Asubuhi daktari mwenyewe alikuja kitandani, hakumtuma mtu. Akamwambia wazi kwamba ncha ya biti imekatikia ndani ya mfupa, na kuitoa kungehitaji kuchimba shimo kubwa zaidi. "Haitakudhuru, imekaa tu hapo. Leo tunaanza kukunja goti. Kesho unasimama na magongo."

Milimita akamtazama. Hata yeye alishawahi kukatikiwa na biti ndani ya kitanda cha mtu. Akaiacha humohumo, akaziba kwa gundi na vumbi la mbao, akapaka vanishi, akanyamaza. Kitanda kile kilirudi kimepasuka palepale kwenye tundu.

"Pakiwa na tundu bovu, daktari, kiungo hakiwekewi uzito mpaka kikauke."

"Mbao imekufa, fundi. Mfupa uko hai, unajiziba wenyewe. Goti ndilo lisipokunjwa linaganda."

"Na hiyo drili je? Nayo iko hai?"

Daktari akavua miwani, akaipangusa kwa koti. "Ningekuwa na nzuri ningetumia nzuri. Ningeingoja, ungeoza hapo ulipo."

Akarudi nyumbani na imani yake. Wa kumfungia paja kwa drili ya duka la misumari hawezi kumfundisha kiungo. Akaagiza mbao mbili nyepesi, akazipiga randa akiwa amekaa kitandani, akazivisha matambara, akaubana mguu kutoka pajani mpaka kifundoni. Kazi ilikuwa safi, huwezi kuikosoa. Mguu ukalala umenyooka kama kitu kilichotiwa gundi na kusahauliwa kwenye meno ya jiriwa.

Mkewe alileta maji ya moto kila asubuhi. "Baba Watoto, tuukunje kidogo tu. Waliolazwa nawe wanatembea."

"Wao wana biti ndani?"

"Sijui walicho nacho. Najua wanatembea."

"Basi nenda ukaishi nao."

Mkewe akayamwaga maji uani na beseni akalibamiza ukutani. Siku ya kliniki ilipopita bila wao kwenda, akamwita ndugu yake aje kusema. Shemeji akaja na magongo begani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji, watu huwa hawasikii la mkuu, ndipo wakavunjika guu. Wewe umeanza na guu, masikio yakafuata."

Wote wakacheka, na Milimita pia akacheka. Mbao hazikufunguliwa.

Zilifunguliwa miezi kadhaa baadaye, mkewe alipotishia kuleta daktari nyumbani. Wakaenda hospitali, akapigwa eksirei. Daktari akaitundika picha kwenye taa, na Milimita akaikagua kama anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, akitafuta kosa. Mfupa ulikuwa umenyooka, umeunga, umenenepa. Ncha ya biti ilionekana pembeni, ndogo kama punje ya mchele, na mfupa umeikumbatia.

"Kazi imeshika," akakiri kwa shida.

Daktari akashika kisigino chake, akajaribu kulikunja goti. Likasogea kidogo, likagoma. "Nani alikwambia uufunge?"

"Kajiambia mwenyewe," mke akadakia.

"Tunaweza kukulaza usingizi tulikunje kwa nguvu."

"Kwa kifaa gani?"

"Mikono hii. Hata penye vifaa vya kila aina, kwa goti hutumia mikono."

Wakamlaza. Alipozinduka, goti lilikuwa limevimba, na kukunjika kwake kumeongezeka nyuzi chache tu. Kwa kiti lilitosha. Kwa sakafu halikutosha, na daktari hakumficha.

Sasa akienda kufunga mlango, bawaba ya juu anaifunga amesimama, ile ya katikati kwa kuegemea. Ya chini analala kifudifudi kizingitini, mguu mgumu umetokeza barabarani, wapita njia wanauruka. Kulala anaweza. Kuinuka hawezi, kwa hiyo mkewe anakwenda naye kila kazi, amebeba mfuko wa zana.

"Mama Watoto, ninyanyue."

Mke akabaki amesimama, anamtazama kisogo chenye vumbi. "Kwanza sema daktari alikuwa sahihi."

"Alitumia drili ya mbao yule."

"Na mfupa ukaunga."

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni akisikia yote, akajifanya kuangalia angani. Milimita akaweka paji la uso sakafuni.

"Ninyanyue kwanza."

Mkewe akaweka mfuko chini, akaingiza mikono kwapani mwake, akamvuta kama gunia.