Nani Anamfundisha Vonk?

Oom Lourens Terblanche, na oom kwa lugha yake ni mjomba, hamwamini mtu. Jumamosi akija uwanjani huja na kahawa yake kwenye chupa yake, na kikombe amekifunga kwa leso ndani ya mfuko wa koti, kana kwamba sisi wanachama wa klabu ya mbwa ya mji wa Kroonstad tulizaliwa kwa kazi ya kuwatilia watu sumu. Tukishapanga viunzi vya mbwa kuruka, yeye huvizunguka na kuvipima upya. Fito ikiwa juu kwa unene wa ukucha atauliza nani kaipandisha, na anataka jina.

Mimi nilimzoea upesi. Nilikuwa mpishi wa bweni la shule mpaka nikastaafu, na mtu aliyepikia watoto wa watu anajua jinsi sukari inavyoisha bila kuliwa na mtoto hata mmoja. Kwa hiyo sishangai mtu akiwa na shaka. Nilipostaafu nilipata kijibwa kifupi kinene, nikakiita Magwinya kwa sababu kilifanana na andazi, nikakipeleka kwa Oom Lourens akifundishe kuruka. Alikitazama, kisha akanitazama mimi kuanzia juu mpaka chini.

"Dada Disebo, kati yenu wawili nani ndiye atakayeruka?"

"Yule utakayemnunulia chakula, Oom."

Alicheka, jambo ambalo wanachama wa zamani waliniambia hawajaliona tangu mkewe afariki. Tukawa marafiki, kama inawezekana kuwa rafiki wa mtu anayefungia kikombe chake mfukoni.

Alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa, na mchezo huu wa mbwa na viunzi ameufundisha tangu wengi wetu hatujaujua. Mwamuzi anapanga viunzi, handaki la turubai, na ubao wa pembea, kisha mtu anakimbia na mbwa wake bila kamba na bila kumgusa. Mbwa akiingia pasipo pake, mmetolewa. Oom Lourens hakuwa na subira na watu wanaopiga kelele uwanjani.

"Mbwa hasikilizi maneno yako," alikuwa akituambia. "Anasoma bega lako na mguu wako. Ita jina la babu yako ukitaka, lakini bega likielekea handakini, mbwa ataingia handakini. Na binadamu msomeni hivyohivyo. Mtu akisema anakupenda, usimtazame mdomo. Mtazame miguu inaelekea wapi."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Mchungaji akimtembelea, anamtazama miguu. Fundi bomba, miguu. Mwanawe wa kike alipoleta mchumba nyumbani, mzee alimtazama kijana wa watu viatu mpaka chakula kikapoa.

Mbwa wake ni Vonk, jike mweusi kwa mweupe, wa ukoo wa mbwa wachunga kondoo, mwepesi kama jina lake, maana vonk kwa lugha ya Oom ni cheche. Na mtu pekee aliyeruhusiwa kumshika Vonk alikuwa Keneuwe, msusi wa kule kitongoji cha Maokeng. Keneuwe alifundishwa na Oom tangu mwanzo, na mbwa wake alipokufa hakuchukua mwingine. Alibaki kumsaidia mzee. Majira ya baridi yaliyopita Oom alilazwa kwa kifua, Keneuwe ndiye aliyekaa na Vonk. Hata baada ya mzee kupona, Jumatano ambazo Oom anakwenda kwa binti yake, Keneuwe alikuwa akimchukua Vonk uwanjani kumnyoosha miguu.

Kisha Vonk akaanza kukosea.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mashindano ya Parys. Oom alikuwa anampeleka kwenye kiunzi, wote tunaona kiunzi ni kile pale, Vonk akakata kona akazama handakini. Wametolewa. Tukasema ni bahati mbaya. Tulipokwenda Welkom ikawa vilevile, handaki jingine, kosa lilelile. Oom Lourens alisimama katikati ya uwanja na kofia yake ya kijani mkononi, akimtazama Vonk, na Vonk naye akimtazama yeye mkia ukitikisika, kama mfanyakazi aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Njiani kurudi, tulipoliona ghala la mahindi la Kroonstad, akanigeukia.

"Mbwa huyu amefundishwa," akasema.

"Si umemfundisha wewe?"

"Na mtu mwingine. Ana ishara nyingine ndani yake, dada. Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakuhitaji kutaja jina. Akaanza kunihesabia ushahidi. Kwanza, mazoea yetu kabla ya shindano ni kutembea njia bila mbwa: watu wazima wanapita kati ya viunzi mikono mitupu, wakimwelekeza mbwa ambaye yuko garini analala. Keneuwe hakuwa na mbwa wa kushindanisha, lakini kila Oom alipotembea njia, yeye alisimama upande wa pili wa kamba akimkabili, macho yamemganda miguuni. "Anaziiba hatua zangu," alisema Oom. Halafu siku hizi hamtazami usoni wakizungumza. Halafu maswali.

"Ananiuliza kama nalala vizuri. Kwa nini mtu aulize usingizi wangu? Mwizi ndiye huuliza mnalala saa ngapi!"

Nilicheka, lakini neno likaniingia. Vonk alikuwa mbwa ambaye watu wangemtaka. Msimu unaofuata timu ya jimbo ingechaguliwa, na mbwa anayemkataa bwana wake uwanjani anaweza kuhamia kwa mtu mwingine kwa neno la kamati tu. Nikaanza na mimi kumtazama Keneuwe. Kweli alikuwa na siri. Mtu akija ghafla alinyamaza. Nilimuuliza Jumatano wanafanya nini na Vonk, akasema, "Tunatembea tu, Mama Disebo," na akakiinamia kiatu chake ambacho hakikuwa na kamba ya kufunga.

Wiki ile Oom akaitisha kamati Jumamosi. Shauri lilikuwa moja: Keneuwe afukuzwe klabu. Kilichobaki ni ushahidi, na ushahidi huo akanituma mimi kuutafuta.

"Simu yako ina kamera nzuri. Jumatano nenda kakae nyuma ya banda la viti."

"Oom, mimi mwanamke mzima nikapige chabo nyuma ya banda?"

"Ukimkuta hana hatia, nitamwomba radhi mbele ya watu wote. Na nitakunywa kahawa yako."

Nikaenda. Nyasi zilikuwa bado zimekaushwa na baridi, na Magwinya nilimwacha nyumbani maana hajui kunyamaza. Keneuwe akaja na Vonk. Akatazama huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona uwanjani. Akauacha mkono mmoja uning'inie pajani kama umekufa. Akashusha bega. Akaanza kukimbia akiburuta mguu, Vonk ubavuni pake. Vonk akakata kwenda handakini. Keneuwe akamwita, akarudi mwanzo, akashusha bega vilevile, akaburuta mguu vilevile, mpaka Vonk aliporuka kiunzi badala ya handaki. Hapo akampa kipande cha nyama kavu, akamkumbatia. Kisha tena. Na tena.

Nilikasirika, lakini nikaendelea kupiga video. Kumbe Oom alisema kweli! Hakuna mtu anayekimbia namna ile. Zile zilikuwa ishara za kubuni, na msichana huyu niliyemlisha supu yangu alikuwa anamharibu mbwa wa mzee mchana kweupe.

Ijumaa alasiri Oom Lourens alikuja kwangu kuangalia. Alikaa kwenye kochi, akakataa kahawa, akaishika simu kwa mkono wa kulia karibu na miwani.

"Ona! Ona bega! Anamwangushia bega. Na mkono huo kautundika kama soksi kwenye kamba. Dada, nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Hapa sasa, hapa, mguu! Nani alimfundisha uchafu huu? Mimi sijawahi kufundisha mtu kukimbia hivi." Alikuwa na furaha, Mungu anisamehe, sote wawili tulikuwa na furaha. Hakuna utamu kama wa kushuku kitu na kikawa kweli.

Picha ikaisha. Simu yangu ina tabia ya kujiendea yenyewe kwenye picha nyingine, ikafungua ile ya Welkom, niliyopiga kama tunavyowapiga wote wanaoshindana. Mtu anakimbia. Mkono mmoja unaning'inia. Bega limeshuka. Mguu unaburutwa kwenye nyasi, na kila unapoburutwa kiwiliwili chote kinageukia handaki, na Vonk, mtoto wa watu, anaingia handakini.

"Huyu nani?" akauliza Oom Lourens.

Kofia ya kijani ilikuwa kwenye picha, na kofia ileile ilikuwa juu ya meza yangu. Mtu unayemwona kila wiki humwoni; nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima, nimecheka naye, na sikuona lolote. Mwenye macho alikuwa yule tuliyekuwa tunataka kumfukuza.

Akairudisha picha mwanzo. Akaangalia. Akairudisha tena. Halafu akauweka mkono wake wa kushoto mezani, akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kidole gumba kilikuwa kinacheza peke yake.

"Baba yangu alianza hivi," akasema. "Mwishoni hakuweza kufunga kifungo cha shati."

Nilitaka kumshika, nikaogopa. Nikamwona mzee kabisa, na nilimhurumia.

"Hakuwa anamfundisha Vonk aniache," akasema. "Alikuwa anamfundisha anisome nilivyo sasa." Akaipindua simu kifudifudi. "Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwamini, Oom?"

Akachukua kofia yake, akaondoka. Kahawa niliyomtengenezea bila kuulizwa ikabaki mezani.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki kando ya uwanja, nyuso zimekunjwa kama za mahakama. Habari Kroonstad hazina mlango. Keneuwe alikwisha kusikia. Alikuja na nywele zake zimesukwa vizuri, kidevu juu, mkononi ana kamba ya Vonk ya akiba ili airudishe. Akasimama mbele yetu.

Mwenyekiti akasafisha koo. Oom Lourens akainuka kabla yake. Sasa nilipojua, niliona jinsi anavyoinuka, na nikajiuliza tena macho yangu yalikuwa wapi. Akamwendea Keneuwe, mguu ukichora mstari kwenye mchanga.

"Jumatano ulikuwa hapa na mbwa wangu."

"Ndiyo, Oom. Naomba nieleze, sikutaka—"

"Umekosea."

Keneuwe akainamisha kichwa. Akamnyooshea ile kamba. Oom hakuipokea.

"Mguu ninaouburuta ni wa kushoto. Wewe umeburuta wa kulia. Umenisoma umenikabili, kama mtu kwenye kioo, ukausahau upande. Unamchanganya mbwa."

Msichana akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na machozi yakamtoka bila sauti. Mwenyekiti akauliza kama kikao kinaendelea.

Oom Lourens akavuta kiti kimoja cha kamati, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa. Akamfungua Vonk.

"Haya, anza upya. Mkono wa kushoto. Uache ufe."

Keneuwe akauacha mkono. Akaanza kukimbia, akiburuta mguu wa kushoto, Vonk ubavuni pake, na sisi wote tukimwona mzee wetu akipita mbele yetu katika mwili wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama mbele, macho makali, akitafuta kosa.

"Shusha bega, binti," akapaza sauti. "Shusha zaidi. Mimi nimeharibika kuliko hivyo."